Subaru ya tabo iliyozeeka: dalili, sababu na gharama zake

Mtu wa Nakuru, Kisumu au Kakamega anayetafuta gari la spoti kwa bei anayoimudu kwa kawaida huishia kwenye ukoo mmoja wa Subaru: Impreza WRX, Legacy GT au Forester yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), zote zikitumia injini ya lita 2.0 yenye silinda nne zilizolala ubavu, ambayo mafundi wanaifahamu kwa jina la EJ20. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, magari haya ya miaka ya 2000 hayaji tena kutoka minadani Japani. Yanayouzwa leo yalishaingia zamani. Gari lenye namba inayoanza na KB lilisajiliwa hapa kati ya takriban mwaka 2007 na 2014, na tangu hapo limenyweshwa petroli yetu, limevuka matuta yetu na kufunguliwa na mafundi wa kila daraja. Anayelinunua hununua pamoja nalo kila huduma ambayo wamiliki waliotangulia waliiahirisha.

Karibu kila dalili inayojadiliwa hapa ina angalau sababu mbili, moja ya kutatuliwa kwa kifaa kidogo na nyingine ya kufungua injini nzima. Utaratibu ninaoupendekeza ni kupima kwa kuanzia sababu rahisi, lakini kujadili bei kana kwamba sababu ni ile ghali, mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo. Muuzaji atasema kwamba ni sensa tu. Huenda anasema kweli, ila mtu aliyejua kwa hakika kwamba shida ni sensa angekuwa ameinunua na kuifunga kabla hajalitangaza gari, kwa sababu taa ya injini inayowaka humpunguzia bei kuliko thamani ya sensa yenyewe.

Sharti la ukaguzi ni moja tu lisilo na mjadala: injini iwe baridi kabisa unapofika. Weka kiganja juu ya boneti na uguse redieta kabla ya kusalimiana kwa urefu. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha sauti za asubuhi, huficha moshi wa kuwashwa kwa mara ya kwanza, na haikuruhusu kufungua kifuniko cha maji kwa usalama. Ukilikuta la moto, omba kurudi kesho yake alfajiri, na usikubali maelezo kwamba lilitolewa tu kwenda kuoshwa.

Mshale wa joto unapanda

Katika sehemu zetu joto ndilo tatizo la kuchunguzwa kwa makini kuliko mengine, na sababu yake ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo kwenye chombo cha wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 94 za Selsiasi. Huko Timboroa, ambako barabara inakaribia mita 2,700, huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi ikiwa karibu na nyuzi hizo hizo. Kinachoyazuia maji yake yasichemke ni kemikali ya kupoozea iliyochanganywa nayo, pamoja na shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha redieta. Kifuniko kilicholegea kwa uzee kinaweza kuvumilika mjini Mombasa kwa miaka, lakini gari lile lile likachemka kwenye mpando wa kwenda Mau Summit. Kwa hiyo kifuniko ndicho cha kwanza kubadilishwa, nacho ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika gari hili.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wasioizoea Subaru hulikosea. Injini ya tabo ina vifuniko viwili, kimoja kwenye redieta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini, na shinikizo lake si sawa. Vikibadilishana nafasi, maji hayasafiri inavyotakiwa. Vilevile maji hujazwa kupitia tangi hilo dogo, kwa kuwa ndilo lililo mahali pa juu zaidi. Anayejaza kupitia redieta huacha mapovu ya hewa ndani ya injini, na siku ya pili mwenye gari huambiwa kwamba gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na mwili wake) imeungua wakati ambapo hewa ndiyo iliyokuwa imenaswa. Dalili ya hewa hiyo ni hita inayopuliza baridi ilhali injini ni ya moto.

Baada ya hapo, angalia joto linapanda wakati gani. Likipanda gari likiwa limesimama kwenye foleni, tuseme Kondele saa za jioni, kisha likashuka gari linaposhika kasi, chanzo karibu kila mara ni feni. Washa kiyoyozi na usikilize. Feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Isipozunguka moja, kagua fyuzi na relei kabla ya kununua mota ya feni.

Likipanda kwenye mlima, kwa mfano kutoka Mamboleo kuelekea Riat au kutoka Ahero kupanda Kericho, kisha likashuka kwenye tambarare, washukiwa ni redieta iliyoziba kwa ndani na thamostati, vali inayoyafungulia maji njia injini inapopata moto. Wamiliki wengi wamekuwa wakijaza maji ya bomba au ya kisima badala ya maji ya kupoozea yenye kemikali, nayo huacha chokaa na kutu kwenye mirija myembamba. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi: maji yenye rangi ya chai ni ushahidi wa kutosha wa kuomba punguzo la redieta nzima. Thamostati halisi ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80. Zile za bei ya chini zenye umbo linalofanana mara nyingi hazipitishi maji ya kutosha, na hapa kuokoa pesa kidogo huleta hasara kubwa.

Sababu ghali ni gasketi ya hedi. Dalili zake huja kwa pamoja: mabomba ya maji yanakuwa magumu mara tu baada ya kuwashwa, kabla injini haijapata moto, mapovu yanapanda mfululizo kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa baada ya safari na maji hayarudi kwenye redieta injini inapopoa. Kipimo cha kuamua ni dawa ya rangi ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa tangi la maji na kugeuka manjano ikikutana na gesi ya mwako, nacho gereji nzuri huwa nacho. Sifa mbaya ya Subaru kuunguza gasketi ilitokana zaidi na injini za lita 2.5 zisizo na tabo, na EJ20 ya tabo ni imara zaidi upande huo. Kwa hiyo ukiikuta imeungua, swali lifuatalo ni nini kilichoichemsha, kwa sababu gasketi mpya iliyofungwa juu ya redieta mbovu itaungua tena. Injini hii ina hedi mbili, kila moja ikiwa na kemushafti mbili, na fundi makini huzitoa zote, huzisawazisha kwa mashine na kubadilisha gasketi za pande zote mbili, hata kama upande mmoja ndio ulioharibika. Bei ya gasketi zenyewe si kitu. Unacholipia ni kazi ya kuishusha injini na kuirudisha.

Tahadhari moja kuhusu mshale wenyewe: katika mengi ya magari haya umetengenezwa usisogee kutoka katikati ingawa joto linabadilika kwa nyuzi nyingi, na ukianza kupanda tayari umechelewa. Kwa safari ya majaribio tumia mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ile inayoelewa mfumo wa Subaru, kwa kuwa matoleo ya zamani ya soko la Japani hayasomeki na kila kifaa. Joto linalozidi nyuzi 100 na kuendelea kupanda kwenye mlima wa kawaida ni sababu ya kusimama, hata mshale ukiwa umetulia.

Sauti ya kugonga

Sauti ya kugonga ndiyo humtisha kila mnunuzi, nayo ndiyo muuzaji huieleza kwa urahisi kuliko zote. Ina sababu nyingi, na tofauti ya gharama kati ya ya kwanza na ya mwisho ni kubwa kiasi kwamba inafaa kuzipanga kwa masikio.

Mtikisiko mwembamba wa bati unaosikika kwenye mzunguko mmoja tu wa injini na kupotea juu yake ni bamba la kuzuia joto la ekzosti lililolegea, na klipu ya chuma hulimaliza. Mlio wa haraka wa tik-tik unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia inapopata moto huenda ni ekzosti iliyopasuka au gasketi yake inayovuja karibu na hedi. Chuma kikipanuka, ufa hujifunga. Kugonga kwa asubuhi kunakofifia ndani ya dakika chache mara nyingi ni pistoni inayoyumba kidogo ndani ya silinda, tabia ambayo injini nyingi za EJ huishi nayo kwa miaka bila madhara. Mngurumo unaotoka mbele ya injini wakati wa kuwasha ni kikaza mkanda wa taimingi kinachochoka, na hicho si cha kusubiri, kwa sababu mkanda ukiruka meno, vali hugongana na pistoni.

Sauti ya kuogopwa ni nyingine. Ni nzito, inatoka chini, inafuata mwendo wa injini, na huongezeka kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi. Injini ikiwa na moto, panda polepole hadi mizunguko 3,000 hivi, kisha uachie mafuta. Katika kushuka huko ndiko beringi iliyolika ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, mhimili mkuu wa injini) hujitangaza. Mafundi husema injini imenoki. Matengenezo yake halisi ni kufungua injini yote na kukagua krenkshafti, na mara nyingi wamiliki huona nafuu kununua injini nyingine iliyotumika kutoka Japani, ambayo nayo haijulikani ilikotoka wala ilivyotunzwa. Gari lenye sauti hii lina thamani ya bodi, gia na viti vyake tu, na bei ijadiliwe hivyo.

Kwa nini injini hizi hunoki? Sababu ya kawaida ni oili kupungua bila mtu kuangalia. Injini hubeba lita nne na ushei hivi, na ikipoteza lita moja na nusu, kona kali huisukuma iliyobaki pembeni na pampu kuvuta hewa. Sababu ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja: gari lililoshushwa chini linapogonga matuta, sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hubonyea kwenda juu, na bomba la kunyonyea oili lililo ndani yake husogelewa na bati hadi njia ya oili kuwa finyu. Ukaguzi wa chini ya gari kwa hiyo uanzie kwenye sampu. Bonde dogo katikati ya sampu, hata kama halivuji, ni jambo la kusimamisha mazungumzo mpaka sampu ifunguliwe.

Kipimo cha mwisho, ikiwa muuzaji ataruhusu, ni kubadilisha oili kwa gharama yako na kulikata filta. Chembe ndogo zinazong'aa kama dhahabu au fedha kwenye mikunjo ya karatasi yake ni chuma cha beringi. Gharama ya oili na filta ni ndogo mno ikilinganishwa na unachokijua baada ya hapo, na muuzaji anayekataa amekwisha kukupa jibu.

Moshi, na oili inayopungua

Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache wakati wa kuwasha si hukumu, kwa kuwa silinda zilizolala huacha oili kidogo ikipenya usiku. Ukiendelea baada ya dakika moja, au ukitokea unapokanyaga tena mafuta baada ya mteremko mrefu kama ule wa Kericho kwenda Awasi, sili za vali zimekauka. Moshi wa buluu wakati wa kuongeza kasi unaelekeza kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za tabo, na namna ya kutenganisha hizo mbili ni kufungua bomba linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye kipoza hewa: likiwa limelowa oili nyingi, tabo ndiyo ya kuangaliwa kwanza, nayo ni nafuu kuliko ringi.

Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu ni maji ya kupoozea yanayoungua, na msomaji arudi kwenye sehemu ya joto. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya Nakuru mwezi wa Julai hauhesabiwi. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na huwa ni sensa ya kupima hewa iliyochafuka, sensa ya oksijeni iliyochoka, au bomba la hewa lililopasuka baada ya sensa.

Kipimo cha mgandamizo wa silinda kinahitaji maelezo ya ziada kwa wakazi wa nyanda za juu. Vitabu vya matengenezo hutoa viwango vya usawa wa bahari. Hewa ya Nakuru ina shinikizo la takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na ya Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, inakaribia asilimia 87. Injini nzima kabisa itasoma chini ya kiwango cha kitabu, na nimeona watu wakikimbia magari mazuri kwa sababu hiyo, huku wengine wakiuziwa mabovu kwa maelezo hayo hayo. La kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote nne zikikaribiana, ringi na vali zina afya. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna kilichovunjika, na silinda ya nne ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Chanzo cha uharibifu huo wa ringi mara nyingi ni mafuta. Matoleo ya Japani yalipangwa kutumia petroli ya oktani ya juu (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyohimili kugandamizwa bila kuwaka kabla ya wakati), ambayo viwango vya nchi hiyo vinataka isipungue 96, ilhali petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujirekebisha kwa kurudisha nyuma muda wa cheche, na gari lisiloguswa huvumilia. Lililoongezewa nguvu na kijana wa laptopu anayebadilisha programu ya kompyuta hiyo, kisha likanyweshwa petroli ya kawaida, hupasua kingo za pistoni polepole. Anayepanga kutumia gari hili kila siku aweke bajeti ya petroli ya oktani ya juu, na ahakikishe kwamba anaishi karibu na kituo kinachoiuza, jambo ambalo ni rahisi Kisumu mjini kuliko Bumala.

Gari halivuti, au linakata nguvu ghafla

Anza na mabomba ya mpira ya hewa, klipu zake na maungio ya kipoza hewa kilicho juu ya injini. Uvujaji mdogo huleta mluzi na uvivu pamoja. Fuata kwenye filta ya hewa. Filta ya wazi yenye umbo la koni, inayopendwa kwa sauti yake, huingiza vumbi la murram ambalo hulichakaza gurudumu la tabo, na kwa maoni yangu ndilo pambo la hasara zaidi kwa mtu anayeishi nje ya lami.

Tabo yenyewe hukaguliwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na baridi. Mhimili wake unaruhusiwa kucheza kidogo sana upande kwa upande, lakini haupaswi kusogea mbele na nyuma hata kidogo. Sauti ya king'ora inayopanda na kasi ni beringi zake zinazoisha. Kabla ya kufunga tabo nyingine, fundi akague kijichujio kidogo cha oili kilichomo kwenye boliti za mabomba ya oili katika matoleo ya katikati ya miaka ya 2000 kwenda mbele. Kikiziba kwa oili iliyokaa muda mrefu, tabo hukauka. Tabo mpya iliyofungwa nyuma ya kijichujio kilichoziba itakufa kama ile ya kwanza.

Kukata nguvu ghafla gari likiwa katika kasi, kana kwamba mtu amezima swichi, mara nyingi ni kompyuta inayolinda injini dhidi ya shinikizo lililopita kiasi, hasa kwenye gari lililoondolewa kichujio cha ekzosti bila kompyuta kurekebishwa. Na washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike baada ya injini kuwaka. Isiyowaka kabisa imefichwa makusudi.

Gia, klachi, na kukaza kwenye kona

Klachi hupimwa kwenye mlima kwa gia ya nne: injini ikipanda mzunguko bila kasi kuongezeka, imekwisha. Gia inayokwaruza ikiingia, hasa ya pili au ya tatu, ina singromeshi (ringi zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) zilizolika, na gia tano za WRX hazikujengwa kuvumilia kuondoka kwa fujo. Zile sita za STI, toleo la WRX lenye nguvu zaidi, ni ngumu zaidi, na bei yake inajulikana hivyo.

Kisha pasha gari moto, tafuta uwanja mpana wa lami, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likikaza, likiruka-ruka au kutaka kusimama, kiungio cha kati kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kimeharibika. Kabla ya kukilaumu, angalia matairi. Subaru inataka matairi yote manne yafanane, na tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Katika hali yetu ambapo watu hununua matairi mawili mawili kwa kadiri ya mfuko, hilo ni gharama ya kudumu ambayo mnunuzi aihesabu mapema: tairi moja likipasuka Londiani likiwa katikati ya umri wake, huenda ukalazimika kubadilisha yote manne.

Chini ya gari, kutu na mafuriko

Linki, bushi, shokabu na beringi za magurudumu ni kazi za kawaida. Spea zake zinapatikana Nakuru, na jua kali wa Kibuye huzifunga kwa ustadi. Zitumie kushusha bei, wala zisikutishe.

Kutu ni habari nyingine. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo gari la Kisumu lenye kutu ya kina kwenye matao ya magurudumu ya nyuma ama lilikuja nayo kutoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, ama limekaa ndani ya maji. Uwanda wa Kano hufurika, na mvua za masika za 2020 na 2024 zilizamisha mengi. Inua zulia, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, na ufungue shimo la tairi la akiba. Tope laini kwenye nyuzi za mkanda haliwezi kuelezwa kwa njia nyingine yoyote. Gari lililozama litakupa matatizo ya umeme yasiyo na mpangilio kwa muda wote utakaokuwa nalo, na hakuna bei inayolifanya liwe la kufaa.

Gari likiwa si Subaru

Anayevutiwa na Mazda RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, ajue kwamba injini yake ya mzunguko haina pistoni na inakula oili kwa makusudi ya walioitengeneza. Dalili ya kuzingatia ni moja: zima injini ikiwa ya moto, subiri dakika kumi, uwashe tena. Ikisumbua, sili za ncha za rota zimechoka. Kipimo cha kawaida cha mgandamizo hakitoshi kwake, kwa kuwa kila rota ina vyumba vitatu vinavyohitaji kusomwa kimoja kimoja kwa chombo maalumu, na fundi wa chombo hicho si wa kumpata kila mji wa magharibi.

Kazi za mwezi wa kwanza

Gari likipita vipimo vyote, bado lina deni la kulipwa kabla ya safari ya kwanza ndefu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, au mapema zaidi kwa umri, na kwa kuwa mita nyingi za kilomita kwenye dashibodi zimerudishwa nyuma, mkanda usio na risiti uchukuliwe kuwa umekwisha. Pampu ya maji, roli na kikaza vibadilishwe siku hiyo hiyo, maana vyote viko nyuma ya kifuniko kimoja na kazi hulipwa mara moja. Plagi zimejificha ubavuni mwa injini, hivyo fundi atadai zaidi kuliko kwa gari la kawaida, na ana haki. Oili iwe ya kila kilomita 5,000, na kijiti cha kupimia kivutwe kila unapojaza petroli.

Kwa matumizi ya petroli, safari ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kilomita 180 hivi, na gari linalopata kilomita 9 kwa lita litakunywa lita 20 kwa kwenda pekee, kwa mwendo wa mtu mwenye subira. Bei ya petroli ya kawaida hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, ila ile ya oktani ya juu hupita kiwango hicho. Kuhusu bima, kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa magari ya umri huu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, na ukipewa ya mhusika wa tatu pekee, zitenge pesa za kulirekebisha gari lako mwenyewe katika hesabu ile ile uliyotengea matairi.